Bibi wa Ndani ya Simu na Zamu ya Saa Nane

"Mwanangu, huyu bibi wa ndani ya simu anasema zamu ya asubuhi yaanza saa nane. Saa nane ni mchana. Sasa nije nikishakula?"

Mzee aliyeniuliza hivyo ni mfanyakazi wa yadi moja ya makontena hapa Mombasa, upande wa Changamwe, mtu aliyeanza kubeba magunia bandarini mimi nikiwa bado sijajua kusoma. Mwajiri wake alikuwa amewatumia wafanyakazi wote kozi ya usalama kwenye simu: slaidi arobaini na kitu, maswali kumi mwishoni, na sauti ya kike ya kompyuta inayosoma kila kilichoandikwa. Maneno niliyaandika mimi. Kwenye hati, kwa mazoea ya ofisini, nilikuwa nimeandika "Zamu ya asubuhi huanza 8:00." Jicho la mtu wa hapa likiona 8:00 linageuza lenyewe, saa mbili, bila hata kujua kwamba limegeuza. Mashine haigeuzi. Iliona nane, ikasema nane, tena kwa sauti tamu isiyo na chembe ya shaka.

Tulicheka sote wawili. Lakini nilirudi nyumbani na aibu yangu, maana hati ile ilikuwa imepita mikononi mwa watu wanne kabla ya kumfikia: mimi, mhariri, afisa wa usalama na meneja aliyetia sahihi. Sote tuliisoma. Hakuna aliyeisikiliza.

Kazi yangu ni kuandika kozi za namna hiyo. Hoteli za Nyali na Bamburi hufunza wahudumu wao msimu wa wageni ukiwa umelala. Kampuni za mizigo hufunza madereva na makarani mwaka mzima. Vyuo navyo vimeingia. Na kila ninapoitwa siku hizi swali la kwanza ni lile lile: je, inaweza kusomwa na kompyuta? Inaweza, na sipingi. Ninachopinga ni hesabu inayofuata swali hilo, kwamba ukishanunua sauti, kazi ya sauti imekwisha. Haikwishi. Inahama tu, inatoka kwa msomaji inaingia kwa mwandishi, na katika bajeti nyingi nilizoonyeshwa hakuna senti iliyoongezwa kwa mwandishi.

Anayeshangaa kwa nini watu wanaikimbilia mashine hajawahi kurekodi sauti Mombasa. Studio ya kulipia kwa saa ni ghali kwa kozi ya dakika ishirini itakayobadilika mwakani, kwa hivyo sisi tulikuwa tukirekodi chumbani, Mji wa Kale, magodoro mawili yameegemezwa ukutani na blanketi mlangoni. Pangaboi linazimwa kwa sababu linavuma. Dirisha linafungwa. Dakika ya tano msomaji ametota jasho mpaka karatasi inamganda vidoleni. Mkipata sentensi tatu safi, kunguru wanatua juu ya bati, na kunguru wa Mombasa hawana staha. Au mkokoteni unapita uchochoroni. Au alasiri imeingia na misikiti mitatu inaadhini kwa kufuatana. Mnangoja. Mkirudi kazini sauti ya msomaji imeshabadilika na sentensi ya nne haifanani na ya tatu. Halafu miezi mitatu baadaye jina la msimamizi wa zamu linabadilika, sentensi moja tu inatakiwa irekodiwe upya, na msomaji yule ameshahamia Doha.

Kwa mashine, unafuta jina, unaandika jingine, unabofya. Dakika moja baadaye faili iko tayari, kwa sauti ile ile na kasi ile ile. Hilo peke yake linatosha kuitetea.

Na sauti zenyewe zimekua. Katika Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1939 watu walijazana kusikiliza Voder, chombo cha maabara za Bell kilichotamka maneno kwa mkono wa mtu aliyefunzwa kukibonyeza kama kinanda. Mwaka 1961 maabara hizo hizo zikaifanya kompyuta ya IBM 704 iimbe. Kwa miaka mingi baada ya hapo sauti hizo zilibaki kavu, za bati, hata mtoto alizitambua. Mwaka 2016 DeepMind ya London ikatoa WaveNet, mfumo unaotengeneza wimbi la sauti lenyewe punje kwa punje badala ya kuunga vipande vilivyorekodiwa, na tangu hapo mtu husikiliza sekunde kadhaa kabla ya kujiuliza kama anaongeleshwa na mtu. Kiswahili hakikusahauliwa. Microsoft ina sauti mbili za Kiswahili cha Kenya, Zuri na Rafiki, na mbili za Tanzania, Rehema na Daudi. Mwaka 2023 Meta ilitoa mifumo ya kutamka lugha zaidi ya 1,100.

Wataalamu wa elimu nao wamelegeza msimamo. Mwaka 2003 Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, pamoja na wenzake, waliwafundisha wanafunzi jinsi radi inavyotokea. Wengine walisikia sauti ya mtu, wengine ya mashine. Waliosikia mtu walifanya vizuri zaidi walipotakiwa kuyatumia waliyojifunza, na jambo hilo likaingia vitabuni kama kanuni. Ilipofika 2017, Scotty Craig na Noah Schroeder wakaliangalia upya kwa kutumia sauti ya kizazi kipya, na safari hii mashine haikuachwa nyuma: wasikilizaji waliipa daraja sawa na binadamu katika kusaidia kujifunza.

Wauzaji wa programu hupenda kuutaja utafiti huo wa pili. Mimi huongeza jambo moja wasiloliongeza wao: wanafunzi hao walifundishwa kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza, tarakimu 2 husomwa vile vile iwe ni ya watu, ya vikombe au ya makontena. Kwa Kiswahili haisomwi vile vile, na hapo ndipo shida yetu inapoanza.

Andika "makontena 2". Jicho linasoma makontena mawili. Programu tuliyoitumia ilisoma "makontena mbili". Andika "wafanyakazi 3", utasikia "wafanyakazi tatu". "Vizima-moto 5" vikawa "vizima-moto tano". Sita, saba, tisa na kumi hazina matata, maana hazibadiliki kwa ngeli yoyote. Wenye matata ni moja mpaka tano, na nane, nambari ambazo ndizo zinazotumika zaidi katika maelekezo ya kazi. Huenda kuna miji ambako "makontena mbili" hayamshtui mtu, sitaji mji. Hapa humshtua. Msikilizaji wa Mombasa akilisikia kosa la kwanza huacha kusikiliza usalama, huanza kuwinda makosa, na akishaanza kuwinda hatoki tena. Atakuja kukusimulia yote, moja baada ya jingine, kwa furaha, na ukimuuliza king'ora kikilia aende wapi, hajui.

Dawa yake ni rahisi lakini inataka mikono: kozi iwe na hati mbili. Moja ya jicho, yenye tarakimu, vifupisho na majedwali. Ya pili ya sikio, ambamo kila kitu kimeandikwa kama kitakavyotamkwa: makontena mawili, saa mbili asubuhi, shilingi elfu moja na mia tano. Huo wa shilingi ni mkasa mwingine. Sisi tumezoea kuandika 1,500/= bila kufikiri; mashine ikasoma bei, kisha ikaendelea kusoma mkwaju na alama ya kuwa sawa, kwa upole, kama mtoto anayesoma herufi zote za ubao wa duka. "N.k." ilitoka kama mtu aliyekabwa koo. Namba ya dharura, 999, ikawa "mia tisa tisini na tisa". Nani amewahi kupiga simu mia tisa tisini na tisa?

Na ng'. Ritifaa kwenye kompyuta ziko mbili, iliyonyooka na iliyopinda, na programu ya kuandikia huibadilisha ya kwanza kuwa ya pili bila kukuuliza. Mashine yetu iliijua moja tu. Katika kozi ya jikoni ya hoteli, sentensi "Ng'oa plagi kabla ya kusafisha mashine ya kusagia" ikatoka na "n" peke yake, kisha kituo kidogo, kisha "goa". Wapishi wale wakawa wanaitana "goa" wiki nzima. Nilitafuta chanzo siku mbili kabla ya kugundua kwamba ni kidudu cha wino kilichopinda.

Hatari kubwa kuliko zote hizo haichekeshi. Kiswahili huweka katazo katikati ya neno. "Uvuke" na "usivuke" zinatenganishwa na silabi moja, -si-, ambayo haipati hata mkazo, kwa kuwa mkazo umekaa pale pale kwenye -vu-. Msomaji anayeelewa anachokisoma ataikazia -si- hiyo bila kuambiwa, kwa sababu anaiona kreni akilini mwake na anamwona mtu chini yake. Mashine haimwoni mtu. Inaipita silabi ile kwa mwendo ule ule inaopitia nyingine zote. Sasa mchukue mwanafunzi wako umweke mahali anapojifunzia kweli, maana hajifunzi kwenye chumba chenye kiyoyozi: yuko kivukoni Likoni, feri imejaa, injini zinanguruma, ametia waya sikio moja ili jingine liwe la kusikia watu. Anasikia nini? "U…vuke mstari wa njano kreni ikiwa kazini."

Siku hizi sitii katazo la usalama ndani ya -si-. Naandika "Ni marufuku kuvuka mstari wa njano", au naligeuza kabisa liwe amri ya kutenda: "Fika kwenye mstari wa njano. Simama." Afisa mmoja aliniambia lugha hiyo ni ya kijeshi. Nikamjibu kwamba lugha yake ni ya barua, na barua hazisomwi kwenye feri.

Nikueleze ninachokiita lugha ya barua. Hii ilikuwa hati ya awali: "Wafanyakazi wote wanaohusika na shughuli za upakuaji wa shehena sharti wahakikishe kwamba vifaa vyao vya kinga vimekaguliwa ipasavyo kabla ya kuanza kwa zamu husika." Ukiiona kwenye slaidi unaipitisha, inaonekana ya kiofisi. Mwachie bibi wa ndani ya simu aisome, utachoka kabla hajafika "ipasavyo". Tulipoiandika upya ikawa: "Kabla hujaanza zamu, kagua vifaa vyako. Helmeti. Buti. Glavu. Riflekta. Kimoja kikiwa kibovu, muone msimamizi kwanza." Sauti ni ile ile, mashine ni ile ile. Watu wakadhani tumenunua programu nyingine.

Hapo ndipo nilipoiamini sauti ya kompyuta, kwa kweli, kuliko nilivyowaamini wasomaji wetu wa zamani. Msomaji hodari huificha sentensi mbovu. Huipa pumzi, huipa uhai usio wake, nawe mwandishi unaondoka ukidhani umeandika vizuri. Mashine inakurudishia uchafu wako kama ulivyo.

Malalamiko mengine si ya makosa bali ya lafudhi. "Huyu si wa hapa," wanasema. Kweli si wa hapa. Na ukiuliza ni lini sauti rasmi ya Kiswahili iliacha kuwa ya hapa, jibu ni 1928, na mahali, kwa kejeli ya historia, ni Mombasa hii hii: wawakilishi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikutana mjini humu, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, na ushairi wake wote wa tangu enzi za Muyaka bin Haji, kikaachwa nje ya mlango wa nyumba yake chenyewe. Karibu miaka mia baadaye mashine imeurithi uamuzi ule.

Sidai iseme Kimvita. Ikituambia "ndoo hapa" kwa maana ya njoo, nusu ya wafanyakazi, waliotoka bara, watakwenda kutafuta ndoo ya maji. Kwa kozi ya kazi, sanifu inatosha. Lakini majina ya vitu yawe ya yadini. Mimi mwenyewe, kwa kujitia usanifu, niliwahi kuandika "kiinua mzigo". Mzee wangu wa Changamwe akauliza ni mdudu gani huyo. Nikamwonyesha picha. "Ah! Foklifti!" Basi kwenye hati ya sikio inaandikwa foklifti, kwa herufi hizo hizo, maana ukiliacha kwa tahajia ya Kiingereza mashine inayosoma Kiswahili italitafuna mpaka lisijulikane.

Watu wa mji huu, ikumbukwe, wamefunzwa kusikiliza kabla ya kufunzwa kusoma. Chuoni, yaani madrasani, mtoto hurekebishwa herufi inapotoka mahali si pake, na hufunzwa kuzitazama zile alama ndogo za waqfu juu ya mistari ya Msahafu: mimu, hapa lazima usimame; lamu-alifu, hapa usisimame; jimu, una hiari. Alama zile hazitamkwi. Ziko pale kwa ajili ya pumzi na maana, kwa sababu ukisimama pasipostahili unaweza kusema kinyume cha kilichosemwa. Siku nilipofunzwa SSML, lugha ya alama iliyoidhinishwa mwaka 2004 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, kwa ajili ya kuiongoza sauti ya kompyuta, nilitabasamu peke yangu. Hapa nyamaza nusu sekunde. Hapa punguza kasi. Namba hii itaje tarakimu moja moja, tisa, tisa, tisa. Neno hili usilisome lilivyo, sema hili badala yake. Ni waqfu tupu. Ustadh wangu angeielewa kwa dakika tano, na angeshangaa kuambiwa kwamba wengi wanaonunua sauti hizi hawazigusi alama hizo hata moja. Wanabandika maandishi, wanabofya, wanapeleka.

Liko kosa jingine, na hili si la mashine wala la Kiswahili: kujaza maneno kwenye slaidi kisha kuyasoma yote neno kwa neno. Huyo huyo Mayer ana kanuni juu ya jambo hili, kwamba mtu huelewa vizuri zaidi picha yenye maelezo ya sauti kuliko picha, sauti na maandishi yale yale kwa pamoja. Sababu haihitaji maabara. Jicho hukimbia kuliko ulimi. Mtu mzima aliyezoea kusoma hufika chini ya slaidi sauti ikiwa bado katikati, hukaa pale akiingoja, na akili yake hutoka nje. Baadhi ya kozi huongeza adhabu juu ya hiyo: kitufe cha Endelea hufungwa mpaka sauti imalize. Nimewaona makarani wakiiacha simu mezani ijisomee, wao wako kwenye chai, kisha wanarudi kujibu maswali. Mfumo unaandika kwamba wamemaliza asilimia mia.

Wengine wakisoma kanuni hiyo hukata shauri kwamba sauti isirudie maandishi kamwe. Hapo natofautiana nao, na sababu yangu ni yule mzee. Yeye miwani yake ilivunjika tangu Ramadhani, na hata ilipokuwa nzima kusoma kwake kulikuwa kwa kidole. Kwake yeye kusomewa kila neno ndiyo kozi yenyewe. Yuko pia kijana anayefunzwa kwa Kiingereza cha watu wengine, ambaye kusikia neno huku akiliona ndiko kunakomfanya alishike. Na yuko asiyeona kabisa. Huyo wengi humkosea kwa kudhani wanamfanyia hisani. Ana programu yake tayari, kama NVDA, ambayo hailipiwi, inayomsomea skrini nzima kwa kasi ambayo mimi na wewe hatuambulii neno. Akifungua kozi yako na sauti yako ikajianzisha yenyewe, anaongeleshwa na watu wawili kwa mpigo. WCAG, miongozo ya kimataifa ya kurasa zinazowafaa wenye ulemavu, inataka sauti inayojianzisha ikipita sekunde 3 iwe na njia ya kuisimamisha au kuipunguza. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Njia inayomfaa ataichagua yeye.

Kwa hivyo ninavyozipanga siku hizi ni hivi: slaidi ya kwanza inauliza, "Unataka kusomewa?" Mbele kuna picha na maneno machache. Nyuma ya kitufe kuna maandishi yote ya hati ya sikio, ambayo yanamfaa pia kiziwi na mtu aliye mahali pa kelele. Kitufe cha Endelea hakifungwi. Wateja hulalamika juu ya hilo la mwisho, wanataka ushahidi kwamba mtu amesikia. Nawaambia waulize maswali bora.

Bando nalo si jambo dogo, ila hesabu yake ni fupi. Sauti ya mtu anayeongea, ikibanwa hadi kilobiti 32 kwa sekunde, hula takriban megabaiti 2.4 kwa dakika kumi; video ya dakika hizo hizo itakula mara nyingi zaidi ya hapo. Mfanyakazi anayejinunulia bando mwenyewe atakushukuru kwa picha tulivu zenye sauti kuliko kwa katuni inayorukaruka.

Limebaki la wasomaji. Binti mmoja aliyetusomea kozi kwa miaka, yule wa magodoro na kunguru, aliniandikia hivi karibuni: "Kaka, siku hizi huniiti." Sikuwa na jibu zuri. Kazi nyingi alizokuwa akizifanya hazitarudi, na kumwambia kwamba teknolojia huleta ajira mpya ingekuwa kumchezea shere. Lakini zipo ninazomwita bado. Kwenye kozi ya usalama tuna dakika mbili za mfanyakazi aliyekatwa vidole na mlango wa kontena, anaeleza siku ile ilivyokuwa. Tulimjaribu bibi wa ndani ya simu. Alisema "nilipoteza vidole viwili" kwa sauti ile ile anayosemea "bonyeza kitufe cha kijani". Wote chumbani tuliangalia chini. Nilimpigia binti usiku ule ule.

Mteja mmoja akaja na wazo lake: si tunazo rekodi za zamani za binti huyo? Tuilishe mashine dakika zake chache, ijifunze sauti yake, tumalize udhia. Ndiyo, siku hizi inawezekana, na kwa urahisi unaotisha. Nilikataa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataja utambuzi wa sauti miongoni mwa data za kibayometriki, kwenye orodha moja na alama za vidole, lakini hata bila sheria: aliuza kusoma kozi ile, hakuuza koo lake. Anayetaka sauti yake iendelee kusema maneno ambayo yeye hakuyasema, amwendee, amweleze ni kozi zipi, kwa muda gani, na kila moja ni shilingi ngapi, na akikataa iwe amekataa. Mteja alinuna. Kazi aliniachia, lakini bei aliipunguza.

Pesa kidogo niliyobakisha naitumia kwenye chai. Kabla kozi haijatoka sasa naita watu watatu, tunakaa kantini ya yadi baada ya zamu, skrini imefunikwa, tunasikiliza tu: yule mzee, kijana mmoja aliye kwenye mafunzo ya kazi, na mama wa kantini ambaye hakualikwa mwanzoni lakini ndiye mwenye sikio kali kuliko wote. Afisa wa usalama anashika kalamu. Wiki iliyopita tulifika slaidi ya kumi na nane bila kosa, na nikaanza kujisikia. Sauti ikasema, kwa utulivu wake wote: "Hakikisha kontena limefungwa barabara."

Mama wa kantini akaweka kikombe chini. "Limefungwa barabara gani?"

Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mashine yetu imeishika kanuni hiyo kwa mikono miwili. Barabara ya magari inaifuata. Barabara ya sawasawa haiifuati. Mkazo wake uko nyuma, kwenye "ra" ya kwanza. Mzee alimsahihisha bibi wa ndani ya simu mara tatu, kwa sauti kubwa, kama anamfunza mjukuu. Nikafuta neno, nikaandika "sawasawa", tukaingia slaidi ya kumi na tisa.